Siku ya Mvua Mjini Bunia

Mji wa Bunia umejengwa juu ya uwanda, zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi uko msitu mkubwa wa Ituri. Upande wa mashariki nchi yateremka ghafula mpaka Ziwa Albert, ambalo maji yake yako chini sana, kwenye meta 600 hivi. Msitu na ziwa hutoa mvuke kila siku. Jua likiwaka asubuhi, hewa yenye mvuke hupanda juu, hupoa, na alasiri mawingu meusi hujikusanya. Ndiyo maana mvua hunyesha Bunia muda mwingi wa mwaka, ila hupungua katika miezi ya Desemba, Januari na Februari.

Watu wa mjini wazijua dalili zake. Upepo baridi huvuma, vumbi jekundu huinuka barabarani, akina mama wa sokoni hufunika unga kwa turubai, na wenye pikipiki hukimbilia barazani mwa maduka. Mwenye akili hakimbilii chini ya mti, kwa maana mashariki ya Kongo ni mojawapo ya sehemu za dunia zenye radi nyingi kabisa, na radi hupiga miti mirefu. Baada ya dakika chache kila mtu yuko chini ya paa fulani, liwe lake au la mwingine.

Basi, watafanya nini huko ndani? Mvua yaweza kudumu nusu saa, tena yaweza kudumu saa 3.

Katika miji mingine mikubwa mtu aweza kwenda makumbusho siku ya namna hiyo. Kampala kuna Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yenye ngoma, zeze na vinubi vya makabila mengi. Kinshasa kuna Makumbusho ya Taifa ya Kongo, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Humo mtu hutembea taratibu, mkavu, akitazama kazi za mikono ya wazee nyuma ya vioo. Ni jambo zuri sana. Walakini Kinshasa iko mbali na Bunia zaidi ya kilometa 1,700 kwa ndege, na mtoto hawezi kwenda huko kila wingu linapotanda. Tena yafaa kukumbuka hivi: waliotengeneza ngoma na vinubi vile hawakuwa na vioo. Walivitengeneza vipigwe, na saa ya kuvipiga ilikuwa hasa saa hii, watu walipokaa pamoja ndani kwa sababu ya giza au ya mvua.

Kwanza mtoto aisikilize mvua yenyewe. Zamani nyumba nyingi ziliezekwa kwa majani. Matone yakianguka juu ya majani, nguvu yake humezwa, na ndani ni kimya. Siku hizi nyumba nyingi za mjini zina mabati, ambayo wengine huyaita manjanja. Bati ni jembamba na gumu, nalo limekazwa kwa misumari. Kila tone hulitikisa kama fimbo itikisavyo ngozi ya ngoma. Mvua kubwa ikipiga mabati ya shule, mwalimu aweza kupaza sauti mpaka akauke koo, na watoto wa nyuma wasisikie neno. Kwa hiyo siku ya mvua ina nyakati mbili. Mvua ikiwa kali ni wakati wa mikono. Mvua ikitulia ni wakati wa ulimi.

Katika wakati wa mikono hakuna mchezo upitao bao. Watu wa pwani huuita bao, Waganda ng'ambo ya ziwa huuita omweso, na Wanyarwanda huuita igisoro. Sheria zao si sawa katika yote, lakini ubao ni ule ule: mistari 4, kila mmoja una vishimo 8, vyote pamoja 32. Kete ni 64. Asiye na ubao wa mti achimbe vishimo katika udongo wa barazani, atumie maharagwe au vijiwe. Wako pia wawezao kutumia trei za mayai. Trei moja ina mistari 5 ya vishimo 6, yaani 30, navyo havitoshi. Basi hukata mistari 4 ya vishimo 6 katika trei ya kwanza, na mistari 4 ya vishimo 2 katika trei ya pili, huziunganisha, na ubao uko tayari.

Omweso huchezwa hivi. Kila mchezaji ana mistari 2 iliyo karibu naye, na kete 32. Anayejifunza aweke kete 4 katika kila kishimo cha mstari wake wa nyuma. Zamu yake ikifika, achukua kete zote za kishimo kimoja chenye kete 2 au zaidi, azipanda moja moja katika vishimo vinavyofuata, akizunguka katika mistari yake tu, kinyume cha mishale ya saa. Kete ya mwisho ikianguka katika kishimo chenye kete, azichukua zote na kuendelea kupanda. Ikianguka katika kishimo kitupu, zamu yake imekwisha. Lakini ikianguka katika kishimo chenye kete kilicho katika mstari wake wa mbele, na vishimo 2 vya adui vinavyokielekea, cha mbele na cha nyuma, vyote vina kete, basi hapo amekamata! Azitwaa kete hizo za adui, azipanda upande wake, akianza katika kishimo kinachofuata kile alichoanzia mwendo ule. Mtu akibaki hana kishimo hata kimoja chenye kete 2, ameshindwa.

Mara ya kwanza sheria hizi huonekana ngumu. Mara ya tatu mtoto hazifikirii tena. Afikiri juu ya hesabu. Mchezaji mzuri hutazama ubao kimya, akihesabu kete itaangukia wapi baada ya mizunguko miwili au mitatu, kabla hajagusa kitu. Mvua yaweza kupiga kelele ipendavyo: bao halihitaji maneno.

Kazi nyingine ya mikono ni kutengeneza likembe. Likembe ni kisanduku cha mti chenye uwazi ndani, na juu yake zimefungwa ndimi za chuma ambazo mchezaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole gumba. Ndimi hizo hutoka wapi? Mafundi hufua misumari mpaka iwe bapa, au hutumia spoku za baiskeli. Hata chuma za mwavuli uliovunjika hufaa. Hivyo mwavuli ulioshindwa na upepo wa Bunia waweza kuanza maisha mengine, na pengine mazuri zaidi.

Kila ulimi una sauti yake. Ulimi mfupi hutikisika upesi, na sauti yake ni nyembamba; ulimi mrefu hutikisika polepole, na sauti yake ni nzito. Fundi akitaka kupandisha sauti, husukuma ulimi nyuma kidogo ili sehemu inayotikisika iwe fupi. Akitaka kuishusha, huuvuta mbele. Mara nyingi huzungushia kila ulimi kipande cha waya kilicholegea, ili likembe livume kama nyuki. Mgeni akisikia mvumo huo hufikiri chombo kimeharibika. La, bila mvumo huo wenyewe husema likembe halijaamka.

Likembe lenyewe limesafiri sana. Wataalamu wa muziki wa Afrika, kama Gerhard Kubik, wameeleza ya kuwa lilitoka sehemu za chini za mto Kongo. Wapagazi na wafanyakazi waliosema Kilingala walipanda nalo mto, wakalifikisha kaskazini-mashariki ya nchi, na mwanzoni mwa karne ya 20 likavuka mpaka likaingia Uganda. Waalur, ambao wengine wao hukaa Mahagi na wengine Uganda, walilipokea pia, ingawa wao walikuwa na kinubi chao kiitwacho adungu. Hivyo ni chombo cha wasafiri, chepesi, kinachoingia mfukoni. Baadaye huko Kinshasa mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, aliliunganisha na vipaza sauti alivyotengeneza kwa vyuma vya magari, na kundi lake Konono N°1 likasikiwa Ulaya na Marekani.

Sasa mvua imetulia. Matone ni madogo, na sauti ya mtu yasikika. Huu ni wakati wa ulimi.

Mahali pengi pa Afrika wazee hukataza hadithi mchana. Watoto huambiwa kwamba atakayesimulia mchana atapatwa na jambo baya, na kila kabila lina jambo lake la kutisha. Sababu si ngumu kuifahamu: kama watu wangekaa wakisikiliza hadithi jua likiwaka, nani angepalilia muhogo? Lakini siku ya mvua shamba halilimiki, na mbingu imekuwa nyeusi kama usiku. Basi hata mzee mkali huweza kulegea kidogo.

Mara nyingi huanza vitendawili. "Kitendawili!" mmoja aita. "Tega!" wengine waitikia. "Nyumba yangu haina mlango." Hicho ni cha zamani, kila mtu akijua: yai. Uhodari ni kutega kipya, kilichotungwa hapo hapo kwa vitu vinavyoonekana. "Wageni wengi wacheza juu ya nyumba yangu, wala haingii hata mmoja." Ni matone juu ya mabati. "Mzee wangu hulala siku ya jua, huamka siku ya mvua." Ni mwavuli. "Mfalme ana nyumba 32, hakuna yenye paa." Hicho chaweza kumshinda mtu, ijapokuwa ubao wa bao umewekwa mbele ya miguu yake.

Asiyejua jibu hutoa mji. "Nakupa Aru." Mtegaji akataa. "Nakupa Mambasa." Akataa tena, ataka mkubwa zaidi. "Nakupa Kisangani!" Hapo akubali, asimulia jinsi alivyofika Kisangani na mambo aliyoyaona huko, kisha afumbua. Kwa njia hii watoto hujifunza majina ya miji mingi kuliko yaliyo katika ramani ya darasani. Wala si ajabu mtoto aliyekimbia kutoka Djugu akikubali kutoa Paris na Brussels, akakataa kabisa kuitoa Djugu.

Jambo hili la Djugu lataka kuelezwa. Ituri iliona vita vibaya kati ya mwaka 1999 na 2003, na mwisho wa mwaka 2017 mapigano yakaanza tena katika eneo la Djugu, yakaenea. Watu maelfu kwa maelfu walikimbilia Bunia. Kati yao walikuwapo wazee. Mtu anayekimbia usiku hachukui ngoma wala ubao wa bao. Huchukua mtoto, sufuria na blanketi. Walakini hadithi, vitendawili na nyimbo zilikuja pamoja nao, kwa sababu zilikuwa kichwani. Leo chini ya paa moja la mjini waweza kuketi Mbira, Mualur, Mnande, Mlendu na Mhema, na lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Wahema wa kaskazini na Walendu hata Kiswahili hawakihitaji wao kwa wao, maana husema lugha moja, Kilendu.

Sasa hatari ni hii. Kitu kilicho kichwani mwa mzee hukaa humo mpaka aulizwe, na asipoulizwa huondoka naye. Kijijini aliulizwa kila jioni kando ya moto. Mjini watoto wana simu na filamu, nazo zapendeza, lakini filamu yangoja: itaonekana vile vile kesho. Mzee wa miaka 80 si hivyo.

Mwaka 1952 mtu mmoja aitwaye Hugh Tracey alizunguka ukingoni mwa msitu wa Ituri na mashine ya kunasa sauti. Alinasa nyimbo za Wabambuti, Wabira, Wabudu, Wanande na wengine. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo imo katika mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Sauti za waimbaji wale zimo humo hata sasa, safi, na mtu aweza kuzisikia kana kwamba waliimba jana. Kazi hiyo yastahili shukrani. Lakini jambo la ajabu ni hili, kwamba mjukuu wa mwimbaji aweza kukaa Mudzipela au Nyakasanza, hapa hapa Bunia, asijue hata wimbo mmoja wa babu yake, na wimbo wenyewe uko Afrika Kusini.

Kuna njia ndogo isiyohitaji mashine. Mtoto achukue daftari. Mvua ikianza, asogee karibu na bibi au babu, au mzee wa jirani, amsalimu kwa adabu, na amwombe hadithi moja tu. Asiandike wakati mzee anaposema, kwa maana wazee wengine hunyamaza wakiona kalamu. Aandike baadaye, upesi, kabla hajasahau: hadithi, lugha iliyosemwa, jina la kijiji ilikotoka, na tarehe. Nyimbo aandike maneno yake katika lugha yake yenyewe, hata kama hajui kuyaandika sawasawa. Kesho amsomee mzee yale aliyoandika. Mzee atacheka, atasahihisha, na mara nyingi atakumbuka kipande alichokiacha.

Saa kumi na moja mvua yakatika. Maji mekundu yashuka mitaroni kuelekea mto Nyamukau, pikipiki zawashwa, na mama wa sokoni afunua unga wake. Barazani kete zahesabiwa zikirudishwa koponi: 61, 62, 63. Moja imepotea, na watoto wote wapiga magoti kuitafuta, na mzee pia.