Viputo Vinavyochora Ramani ya Damu

Mgonjwa wa kisukari anapoambiwa kwamba figo zake zimedhoofika, madhara huwa yalianza kitambo, katika mishipa midogo ambayo kipimo cha kawaida cha ultrasaundi hakiwezi kuionyesha.

Mashine hiyo hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha hupokea mwangwi wake. Kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, hutambua pia mwendo wa damu. Hata hivyo, urefu wa mawimbi hayo kwa kawaida ni kati ya sehemu moja ya kumi ya milimita na milimita moja, ilhali upana wa kapilari ni maikromita 5 hadi 10, yaani hauzidi sehemu moja ya mia ya milimita. Mishipa iliyokaribiana huonekana kama doa moja.

Watafiti wamepata njia ya kuvuka mpaka huo. Mgonjwa huchomwa sindano yenye viputo vya gesi vidogo kama chembe nyekundu za damu, ambavyo hurudisha mwangwi mkali. Mashine hupiga mamia ya picha kwa sekunde. Kompyuta hutafuta kitovu cha kila kiputo na kufuata njia yake. Mtu aliye kilimani usiku haioni barabara, lakini akizifuata taa za magari hujua kona zake na mwendo wa wasafiri. Baadaye gesi hiyo hutoka kwa pumzi.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa njia hii mishipa midogo ya ubongo wa panya. Mwaka 2021 ilionyeshwa mishipa ya ubongo wa watu wazima, kupitia mfupa wa fuvu, kwa udondoshi wa hadi maikromita 25. Hata damu iliyozunguka ndani ya uvimbe wa mshipa ilionekana.

Kipimo hiki kingali zaidi mikononi mwa watafiti, na humtaka mgonjwa atulie kwa dakika kadhaa. Lakini mishipa midogo haisubiri. Mwenye kisukari na apimwe macho, miguu, na protini katika mkojo kila mwaka, na shinikizo la damu kila ahudhuriapo kliniki. Vipimo hivyo tunavyo tayari, na usipoziba ufa, utajenga ukuta.