Nyabiondo: fishi ya siri ya mgonjwa itunzwe miaka mingapi?

Wakaaji wa Nyabiondo, katika eneo la Masisi, wamezoea kukimbia. Desemba 2004 raia wengi waliuawa hapo. Machi 2025 waasi wa M23 waliiteka Nyabiondo, iliyo kwenye barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale. Vita vikifika, watu hubeba watoto, magodoro na masufuria. Karatasi za kituo cha afya hubaki nyuma.

Kati ya karatasi hizo, nzito zaidi ni fishi za wasaidizi wa kisaikolojia. Humo mama ameeleza nani alimbaka, wapi na siku gani. Pengine hata mume wake hajui. Fishi hiyo ikiangukia mikononi mwa aliyetajwa, maisha ya mama yako hatarini. Ikiungua, msaidizi mwingine atamlazimisha kusimulia yote upya, na ushahidi unapungua.

Yaliyotokea jirani huko Walikale yanaonyesha uzito wa muda. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wasiopungua 387 walibakwa katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua-Mpofi, kulingana na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Kiongozi wa kundi la silaha Ntabo Ntaberi Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma tarehe 23 Novemba 2020. Ilipita miaka 10. Fishi iliyotupwa baada ya miaka 5 isingemsaidia mhanga yeyote mbele ya mahakama.

Tena, sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 inawapa wahanga wa ubakaji wa vita haki ya fidia. Bila karatasi, kuthibitisha mateso ya zamani ni kazi ngumu.

Lakini kutunza si kurundika. Kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamwadhibu mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Njia rahisi ni kutenganisha jina na habari: fishi ibebe namba tu, na daftari la majina liwekwe mahali pengine. Msaidizi aandike yanayohitajika kwa matibabu, si kila neno. Na kituo kiamue mapema, kabla ya risasi kulia, nani atabeba nini na nani ana ruhusa ya kuchoma.

Kuhusu muda, wanasaikolojia wa Marekani walijiwekea mwongozo mwaka 2007: miaka 7 baada ya huduma ya mwisho, au, kwa mtoto, miaka 3 baada ya kufikia utu uzima, kama hiyo ndiyo ndefu zaidi. Kwa hesabu hiyo, fishi ya mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati Nyabiondo inatekwa ingetunzwa hadi mwaka 2038. Ni muda mrefu kuliko umri wa kuta nyingi za mbao zinazohifadhi fishi hizo.