Lubumbashi–Kinshasa: saa ya wapi?

Toka kiwanja cha ndeke cha Luano mpaka N'djili ya Kinshasa ni karibu kilometa 1 550, ukipima njia ya hewani. Ni mbali sana. Kwa siye ba Lubumbashi, Dar es Salaam iko karibu kuliko Kinshasa: ni kilometa kama 1 400. Johannesburg nayo ni 1 600 na kitu. Ndeke kubwa inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa. Ukiongeza kupanda na kushuka, hesabu masaa mbili na robo.

Lakini inchi yetu iko na saa mbili. Lubumbashi inatangulia Kinshasa saa moja, na tiketi inaandika saa ya kila muji. Ukitoka Luano 10h00, utashuka Kinshasa 11h15, sawa vile ulisafiri saa moja na robo tu. Kurudi, ukitoka Kinshasa 10h00, utafika hapa 13h15. Ndeke haikuchelewa.

Saa hiyo moja inaweza kukosesha mutu wa mungoti posti yake. Mwenye kuingia kazi 14h00 ku Kipushi anabaki na dakika 45, ya kungoja mizigo na kufanya zaidi ya kilometa 30. Wa Kolwezi angali na kilometa kama 300 za barabara.

Ba papa na ba mama, mutu akisema «nitafika saa fulani», mumuulize: saa ya wapi? Na mwenye kazi arudi siku moja mbele.