Swali lako la shambani laweza kuwa utafiti wa mwanafunzi

KILA mwaka mamia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro hutafuta jambo moja la kuchunguza, hulifanyia utafiti na kuandika ripoti kabla ya kuhitimu. Wengine ni wa shahada ya kwanza walio mwaka wa mwisho, wengine ni wa uzamili na uzamivu, ambao hukaa na swali lao kwa muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo ilipo nafasi ambayo wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi hawaitumii. Mwanafunzi anahitaji swali. Mkulima anayo maswali tele: kwa nini maharage yanatobolewa ghalani, kwa nini panya huja kwa wingi mwaka huu na mwaka unaofuata hawaonekani, au ni nyanya ngapi huharibika kati ya Mgeta na masoko ya Dar es Salaam.

Wawili hao wasipokutana, mwanafunzi huchukua swali kutoka vitabuni na mkulima hubaki na hasara yake.

Wauza aisikrimu walijua mapema

Mfano mzuri wa swali la kawaida lililofika mbali ni ule wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aisikrimu kwa kuchemsha maziwa na kuyachanganya na sukari. Desturi ilikuwa kuuacha mchanganyiko upoe kwanza, ndipo uingizwe kwenye friji.

Siku moja, akihofia kukosa nafasi, Mpemba aliingiza wa kwake ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake, ambaye hakuchemsha maziwa yake. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa.

Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aisikrimu mjini Tanga alimweleza kuwa kwake hilo si jambo geni. Alikuwa akiuweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huganda haraka.

Mpemba hakuliacha swali lake. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyefika kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam na kuagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na tangu hapo jambo hilo likajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu yake, na wapo wanaosema halitokei kabisa.

Kwa mfanyabiashara, fundisho ni kwamba ujuzi ulikuwepo tayari kwa wauza aisikrimu. Kilichokosekana ni mtu wa kupima, kuandika na kuwaeleza wengine.

Panya na mvua za vuli

Katika kilimo, mfano wa karibu ni wa panya shamba. Katika miaka ya 1980, SUA na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji walishirikiana kuchunguza panya katika mashamba ya Morogoro. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Herwig Leirs, ambaye wakati huo alikuwa akisomea shahada ya uzamivu.

Kazi yake ilikuwa ya uvumilivu: kutega panya, kuwapima, kuwawekea alama, kuwaachia na kuwatega tena, mwezi baada ya mwezi. Kutokana na takwimu hizo, Leirs na wenzake walionyesha kuwa wingi wa panya unafuatana na mvua. Mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huzaa mapema kuliko kawaida, na watoto wao huwahi kukua na kuzaa katika msimu huohuo. Hapo mlipuko unaweza kutokea.

Kwa mkulima wa mahindi, maana yake ni moja kwa moja. Panya hufukua mbegu na kukata miche hasa katika wiki mbili za kwanza baada ya kupanda. Vuli ikiwa nzito, kijiji kijiandae kutega kabla ya masika, tena kwa pamoja. Anayetega peke yake huwapokea panya wa jirani.

Ujuzi huo wa panya ulizaa na mengine. Mwaka 2000 shirika la APOPO lilihamia SUA na kuanza kuwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kugundua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020.

Maharage hayapatikani kwa msimu mmoja

Watafiti wa SUA pia wametoa aina za maharage ambazo wakulima wengi wanazifahamu. SUA 90 ilitoka mwaka 1990, Rojo mwaka 1997, Mshindi na Pesa mwaka 2006.

Mbegu mpya huchukua miaka mingi. Mimea huchanganywa, vizazi vyake hupandwa na kuchujwa msimu baada ya msimu, kisha hujaribiwa katika maeneo tofauti. Ndani ya kazi hiyo kubwa kuna maswali madogo yanayomtosha mwanafunzi mmoja: maharage haya yanaiva jikoni kwa muda gani? Yanastahimili ugonjwa upi? Wadudu wa ghalani wanayashambulia kiasi gani? Rangi hii inapendwa sokoni au itamdodea mfanyabiashara?

Swali hilo la mwisho halijibiwi maabara. Anayelijua ni mama anayepima maharage kwa kopo sokoni.

Ripoti iliyo kabatini

Hata hivyo, ipo kasoro inayowanyima wakulima matunda ya kazi hizi. Lugha ya kufundishia vyuo vikuu nchini ni Kiingereza, hivyo ripoti za wanafunzi nazo huandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyetoa shamba lake, muda wake na majibu ya maswali 40 huweza asione hata ukurasa mmoja anaoweza kuusoma.

Mwanafunzi huhitimu na kuondoka. Ripoti hubaki maktaba. Msimu ukifika, mkulima hupanda vilevile alivyopanda mwaka jana. Kwa hiyo makubaliano ya kurudisha matokeo yafanyike mwanzoni, kabla jembe halijaingia shambani.

Malalamiko yageuzwe swali

Hatua ya kwanza kwa mkulima ni kuligeuza lalamiko kuwa swali linalopimika. "Mahindi yangu yanaliwa" ni lalamiko. "Je, mahindi yaliyopukuchuliwa yanaharibika kidogo kuliko yaliyo kwenye magunzi?" ni swali.

Hatua ya pili ni kuuliza kama jibu tayari lipo. Swali hilo la mahindi, kwa mfano, lina jibu. Dumuzi, ambaye wakulima walimpa jina la Scania, aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Utafiti ulionyesha kuwa hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo katika magunzi, na kwamba dawa inayoua fukusi haimtoshi yeye. Ndiyo maana wakulima walishauriwa kupukuchua, kukausha vizuri na kutumia dawa ya unga yenye viambato viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi.

Jibu likiwa lipo, mkulima ameokoa msimu mzima. Likiwa halipo, hapo ndipo mwanafunzi anapata kazi.

Hatua ya tatu ni kumbukumbu. Daftari la shilingi chache linatosha: tarehe ya kupanda, aina ya mbegu, siku mvua ilipoanza, mbolea iliyotumika na magunia yaliyopatikana. Kwa mfanyabiashara ni idadi ya matenga yaliyopakiwa, yaliyofika salama na bei ya siku hiyo. Kwa wanaonunua mazao kwa lumbesa, kila gunia lipimwe kwa mizani na uzito uandikwe. Mwanafunzi akikuta daftari la misimu mitatu, amekuta hazina.

Jaribio lisiwe la shamba zima

Mkulima asikubali shamba lake lote liwe la majaribio. Vipande viwili vya mita 10 kwa 10 vinatosha kuanza, kimoja cha njia mpya na kingine cha njia ya kawaida, vyote vikipandwa siku moja kwenye udongo unaofanana. Bila kipande cha kulinganisha, hakuna atakayejua kama mavuno yameletwa na mbolea mpya au na mvua nzuri.

Hesabu yake ni rahisi. Kipande hicho ni karibu sehemu moja ya 40 ya ekari. Kikitoa kilo 25 za mahindi, ekari nzima ingetoa takriban kilo 1,000, yaani magunia 10 ya kilo 100. Kipande cha pili kikitoa kilo 20, ni magunia manane. Tofauti ya magunia mawili ilinganishwe na gharama ya njia mpya. Kama mbolea imekula fedha nyingi kuliko bei ya magunia hayo, mavuno yameongezeka lakini faida imepungua. Kipande kimoja hakitoshi kuamua; jaribio lirudiwe katika sehemu kadhaa za shamba au kwa majirani.

Kabla ya kuanza, mambo manne yaandikwe kwenye karatasi: nani ananunua mbegu na pembejeo, mavuno ya vipande ni ya nani, nani anabeba hasara jaribio likishindwa, na matokeo yatarudishwa lini kwa Kiswahili. Mwanafunzi pia aonyeshe barua ya chuo na amtaje msimamizi wake, kwani yeye akihitimu, msimamizi bado anapatikana.

Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa ugani wa kata, ambaye anaweza kukiunganisha kikundi na chuo. Maonyesho ya Nane Nane mjini Morogoro ni nafasi nyingine. Wataalamu wa SUA huwapo na mkulima anaweza kuwauliza ana kwa ana. Wanafunzi wanaokwenda vijijini kwa mazoezi ya vitendo nao waulizwe, wasiachwe wajaze madodoso tu na kuondoka.

Kikundi husikika zaidi kuliko mtu mmoja. Wanachama 20 wakifika na swali moja lililoandikwa vizuri, pamoja na madaftari ya misimu miwili, msimamizi ana sababu ya kumpa mwanafunzi wake kazi hiyo. Wakati wa kulichagua swali hilo ni sasa, kabla ya msimu kuanza, kwa sababu mwanafunzi naye ana kalenda yake na mvua haimsubiri yeyote.