Dawa za Mtambo wa Kuondoa Chumvi: Maji Yapimwe Kabla ya Kununua

Maji yanayoshuka kutoka msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, hayahitaji mtambo wa kuondoa chumvi. Yakichujwa tope na kutiwa klorini kwa kipimo, hunyweka. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025 na unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, nao hutumia njia za kawaida za kusafisha. Hali ni nyingine kwa visima virefu vya tambarare. Huko maji hukaa muda mrefu kati ya miamba na udongo wenye madini, na yakitoka na chumvi, kuyachemsha hakusaidii: mvuke huondoka, chumvi hubaki.

Ndipo kikundi cha maji, shule au mfanyabiashara anapofikiria mtambo wa osmosisi kinyume, ambao mafundi huuita RO. Pampu husukuma maji kwa nguvu kubwa dhidi ya utando mwembamba. Maji hupenya, chumvi nyingi huzuiliwa. Utando huo ndio moyo wa mtambo, na ni miongoni mwa vipuri vyake vya gharama kubwa. Ukitunzwa vizuri hudumu miaka kadhaa. Ukitiwa dawa isiyofaa huweza kuharibika mapema sana, na fedha zilizochangwa ndoo kwa ndoo zikapotea pamoja nao.

Wauzaji wa dawa hupenda kuuza mchanganyiko mmoja kwa kila kisima. Jambo hilo halifai, na kwa wilaya ya Same sababu iko wazi kuliko kwingine: Makanya kuna machimbo ya jasi, madini yanayotumika katika viwanda vya saruji. Palipo na jasi ardhini, ni busara kushuku kwamba na maji ya karibu yanaibeba.

Mama wa nyumbani anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huo wa kawaida ni kalsiamu kaboneti, ambayo ndimu au siki huuyeyusha huku ukitoa povu. Jasi ni kalsiamu salfeti. Hata ikimwagiwa siki haitoi povu wala haiyeyuki. Kwa macho, koko hizi mbili huweza kufanana kabisa, lakini dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa tatizo. Lita moja ya maji huyeyusha jasi ya gramu 2 na kidogo tu. Ikizidi hapo huanza kuganda. Tuseme maji ya kisima yana gramu 0.8 kwa lita. Mtambo ukitoa lita 75 za maji safi katika kila lita 100, chumvi yote hubanwa ndani ya lita 25 zinazobaki, yaani mara nne: gramu 3.2 kwa lita. Jasi itaganda juu ya utando. Mtambo huohuo ukirekebishwa utoe lita 50 tu, mabaki yatakuwa na gramu 1.6, na hatari hupungua sana bila kuongeza dawa yoyote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni kiasi gani cha maji mtambo umepangwa kutoa. Aina ya dawa huulizwa baadaye.

Maji yenye kaboneti pekee huweza kutiwa asidi kidogo kabla ya kuingia mtamboni. Hapa kuna mtego. Asidi ya salfuriki ni rahisi kupatikana, lakini huongeza salfeti, na katika maji yenye jasi huchochea tatizo lilelile linalokimbiwa. Panapo jasi, kinachofaa ni dawa maalumu ya kuzuia ukoko, mara nyingi ya jamii ya fosfoneti au polima, ambayo huzuia chembe za madini zisishikamane na kukua. Kiasi chake ni kidogo: kwa kawaida miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Mtambo unaopokea lita 10,000 kwa siku, kwa kipimo cha miligramu 5, hutumia gramu 50 tu. Kuizidisha kwa kudhani kwamba nyingi ni bora huweza kuuchafua utando. Pia, pale ambapo maji hutiwa shabu ili tope litulie, mabaki ya shabu huweza kugongana na baadhi ya dawa hizi. Muuzaji aelezwe mapema.

Adui wa pili ni klorini, na hili huwashangaza wengi kwa kuwa klorini ni rafiki wa maji ya kunywa. Tando nyingi za sasa ni za poliamaidi, na klorini huzila taratibu bila kuonyesha dalili mpaka maji yaanze kurudi na chumvi. Uharibifu huo hautibiki. Maji yaliyokwisha kutiwa klorini lazima yapitishwe kwenye mkaa maalumu, au yatiwe sodiamu metabaisalfaiti, kwa vitendo takriban miligramu 3 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Klorini hurudishwa mwishoni, ndani ya tangi la maji safi, ili kuyalinda njiani hadi kwa mtumiaji.

Usafishaji hufanywa mtambo unapopunguza maji kwa asilimia 10 hadi 15, si pale unapokwama kabisa. Ukoko wa kaboneti na kutu ya chuma huondolewa kwa asidi ya sitriki. Utelezi wa vijidudu huhitaji dawa ya upande wa pili, yaani kostiki soda iliyopunguzwa sana. Panapo utelezi mwingi, hiyo hutangulia na asidi hufuata. Jasi iliyokwisha ganda ni ngumu kuliko zote: hutumika EDTA pamoja na kostiki soda, tena mapema, kwani ikikomaa huenda isitoke. Mipaka ya uchachu na joto iliyoandikwa na mtengenezaji wa utando haivukwi. Asidi hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayatiwi ndani ya asidi, na asidi haichanganywi na klorini kwa kuwa hutoa hewa ya sumu.

Kabla ya yote hayo, sampuli ya kisima ipelekwe maabara ya ubora wa maji kwa kupitia ofisi ya RUWASA wilaya. Cheti kionyeshe kalsiamu, salfeti, kaboneti, chuma, silika, floraidi na jumla ya chumvi. Cheti cha vijidudu pekee hakitoshi kuchagulia dawa. Iwapo tatizo litaonekana kuwa floraidi peke yake, mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, huenda ukagharimu kidogo kuliko mtambo mzima.

Dawa inunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ikiwa na lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi, karatasi ya tahadhari na uthibitisho kwamba inaruhusiwa kwa maji ya kunywa. Dawa ya kuzuia ukoko iliyotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya mvuke viwandani isikubaliwe, hata ikiwa ya bei nafuu. Maji ya mabaki nayo yapangiwe mahali mapema: yakimwagwa kwenye mfereji wa shamba au karibu na ndiva, chumvi iliyotolewa kwenye ndoo itaishia kwenye mahindi.