Umemtumia Dada Hela ya Mashine. Je, Umemtumia na ya Kuinyoosha?

Ndugu zetu, leo hatuzungumzii bei ya dola. Tunazungumzia zulia lililopinda, na jinsi lilivyotaka kuvunja chama chetu.

Sisi ni watu kumi na mmoja. Wengi wetu tunaishi hapa Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, wengine wako Columbus na wengine Louisville. Ukiendesha gari unashika I-90 mpaka Cleveland, halafu I-71 inakupitisha Columbus hadi Louisville, lakini mara nyingi tunakutana kwenye simu tu, Jumapili jioni. Tunatoka Kenya, Tanzania na Kongo. Tunabeba boksi, tunasafisha hoteli, tunaangalia wazee usiku, na mmoja wetu anafanya kazi kwenye karakana ya vyuma. Kila mwezi tunaweka akiba, na kila mwaka tunachagua mradi mmoja wa nyumbani.

Mwaka jana zamu ilikuwa ya mwenzetu wa Columbus. Dada yake anaishi nje kidogo ya Nyahururu, na yeye na akina mama wenzake wanne wanajua kusokota sufu. Sehemu hizo za Laikipia kazi hii si ngeni. Kule Nanyuki kuna ushirika wa akina mama, Nanyuki Spinners and Weavers, ambao umekuwa ukisokota sufu na kufuma mazulia kwa mkono tangu miaka ya 1970. Basi tukaona mradi una miguu. Tukatuma dola 1,100: dola 850 za kununua kitanda cha kufumia kilichotumika, na dola 250 za sufu. Ya kukifunga kitanda na kukipima? Hatukutuma hata senti. Hakuna aliyeifikiria.

Mazulia matatu yakarudi

Dada akapata oda ya mazulia sita, kila moja mita 1.2 kwa 1.8, kwa bei ya kama dola 90. Akina mama wakafuma usiku na mchana. Mwenye duka akayatandaza sakafuni, akachukua matatu na kurudisha matatu. Rangi safi, sufu safi, lakini upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa pili kwa sentimita 3. Ukiliweka kando ya ukuta, zulia linaonekana kama limelewa. Pia lilikuwa na mistari, sehemu nene na sehemu nyembamba, kama barabara ya matuta.

Yale matatu yakauzwa nusu bei. Hapo tumepoteza dola 135 kwa oda moja.

Sasa mnajua jinsi simu za Jumapili zinavyokuwa hela ikipotea. Mmoja akasema akina mama hawajui kazi. Mwingine akauliza kama kweli kitanda kilinunuliwa kwa dola 850, au kilinunuliwa cha bei poa na chenji ikaliwa. Mwenzetu wa Columbus alinyamaza, tukamsikia tu anapumua. Tukawa tunakaribia kumpigia dada wa watu simu ya lawama, yeye ambaye vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

Aliyetuzuia ni ndugu yetu wa Bukavu, yule wa karakana. Kazi yake hapa Cheektowaga ni kupima vipande vya chuma kabla havijatoka mlangoni. Akasema, "Bandugu, pale kazini kipande kikitoka kibaya hatuanzi na mtu. Tunaanza na mashine. Tupime kwanza."

Kitanda kinafanyaje kazi

Kwa ambaye hajawahi kukiona, kitanda cha kufumia zulia ni fremu kubwa ya mbao au chuma. Nyuzi za mtande zinatoka roli ya nyuma kuja roli ya mbele, zimekazwa kama nyaya za gitaa. Ukikanyaga kanyagio, nusu ya nyuzi zinapanda na nusu zinashuka, pakatokea mwanya. Uzi wa mshindio unapitishwa humo. Halafu unavuta kigongeo, ile fremu yenye chanuo, nacho kinaugonga uzi ukae pamoja na wenzake. Zulia likishaendelea kidogo, unazungusha roli ya mbele ili lijikunje. Roli hiyo ina gia ya meno pembeni na ulimi wa chuma unaoizuia isirudi nyuma.

Yaani kila kitu pale kinatembea: roli, kanyagio, kigongeo, ulimi. Kila kinachotembea kinasagika, na kikisagika kinaanza kuchezacheza. Mafundi wetu wanasema kina plei. Plei ya milimita chache huioni kwa macho, lakini kigongeo kinagonga mara mamia kwa zulia moja, na kila pigo linarudia kosa lile lile.

Hata viwanda vikubwa vilipita hapa. Katika karne ya 19, Erastus Bigelow wa Massachusetts alitengeneza mashine za kufuma mazulia kwa nguvu ya injini. Baadaye Halcyon Skinner, katika kiwanda cha Alexander Smith kule Yonkers, jimbo hili hili la New York, akaunda mashine ya mazulia ya Axminster. Nguvu ya injini peke yake haikutosha. Ilibidi kila sehemu ifike mahali pake kwa wakati wake, pigo baada ya pigo, la sivyo injini ingeharibu zulia kwa kasi zaidi ya mkono.

Tulivyopima kwa simu

Jumapili iliyofuata tukampigia dada kwa video. Ndugu wa Bukavu akamwamkia vizuri, akampa pole ya kazi, ndipo akamwomba achukue tepu ya kupimia na mtu wa kushika upande wa pili. Tulifanya vipimo vinne. Wewe pia unaweza kuvifanya, hata kama hujawahi kugusa uzi.

Kwanza, pembe za fremu. Pima kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa sawa. Vya dada vilitofautiana kwa milimita 4 tu. Hapo hapakuwa na shida.

Pili, roli mbili. Pima umbali kati ya roli ya nyuma na ya mbele, upande wa kushoto na wa kulia. Hapa kuna siri: pima mara mbili, kwanza nyuzi zikiwa zimelegea, halafu zikiwa zimekazwa kama wakati wa kazi. Zikiwa zimelegea, pande zote zilikuwa sawa. Zilipokazwa, upande wa kushoto ulivutwa ndani kwa milimita 12. Tundu linaloshika ncha ya roli ya mbele lilikuwa limekuwa yai. Kwa hiyo nyuzi za kushoto zilikuwa zinalegea na za kulia zinabaki zimekaza. Zulia likishatolewa kitandani, upande uliokazwa zaidi unajivuta na kuwa mfupi. Tungepima mara moja tu, mashine ikiwa imelala, tungeambiana ni nzima.

Tatu, kigongeo. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa zulia upande wa kushoto na kingine kulia. Leta kigongeo taratibu mpaka kiguse, halafu vuta karatasi. Ya kulia ilikwama, ya kushoto ikatoka bila shida. Maana yake kigongeo kinafika kulia kwanza, na mistari ya mshindio inalala mshazari badala ya kunyooka. Pini moja ilikuwa imeliwa.

Nne, gia ya roli. Hesabu meno, kisha pima mzunguko wa roli. Meno yalikuwa 20, mzunguko sentimita 40. Jino moja ni sentimita 2 nzima za zulia. Kwa nyuzi zilizokazwa hizo ni nyingi mno: ukirudisha jino moja zinalegea, ukiongeza jino moja zinakaza kupita kiasi. Ndiyo ile mistari minene na myembamba. Na kadiri zulia linavyojikunja, roli inanenepa, kwa hiyo jino lile lile linavuta zaidi ya mwanzo.

Dada alikuwa kimya muda wote, anasoma namba tu. Tulipomaliza akasema, "Mimi nilidhani ni mkono wangu. Nimekuwa nikifumua usiku na kurudia."

Hapo hakuna aliyesema kitu.

Dola 68

Dawa haikuwa kitanda kipya. Fundi wa vyuma wa mjini alichonga bushi na pini mpya kwa dola 34. Alitoboa yale matundu yaliyokuwa yai yakawa duara tena, akapachika bushi, ili siku zikisagika zibadilishwe zenyewe na mbao ibaki salama. Kwenye gia hakubadilisha meno. Aliongeza ulimi wa pili pembeni ya wa kwanza, mfupi kidogo, ili mmoja ukiwa umekaa kwenye jino, mwingine uwe katikati ya jino. Roli ikapata kusimama kila sentimita 1 badala ya 2. Huo ulimi ulikuwa dola 9. Siku mbili za fundi, dola 25. Jumla dola 68.

Piga hesabu mwenyewe. Oda moja iliyopinda ilitula dola 135. Matengenezo ni nusu ya hiyo. Na milimita 12 zimekuwa chini ya 1.

Oda iliyofuata ilikuwa ya mazulia manne. Hayakurudi hata moja. Tofauti ya urefu kati ya pande mbili ilikuwa nusu sentimita, na mwenye duka hata hakuiona.

Tunachokushauri kabla ya kubonyeza "tuma"

Hata kama nyumbani hawafumi mazulia, habari ni ile ile kwa cherehani, mashine ya kusaga, au pampu ya maji. Sisi sasa tumejiwekea utaratibu huu:

1. Usitume hela yote ya mashine mara moja. Bakiza asilimia 10 hapa mpaka mashine ifungwe, ipimwe, na itoe kitu cha kwanza cha majaribio. Kwa dola 850 hiyo ni dola 85. Ingetosha dola zetu 68 na chenji ikabaki.

2. Lakini usiikate vipande vipande. Kila kutuma kuna ada. Kama unalipa dola 4 kila mara, kutuma mara tano ni dola 20 za bure. Mara mbili inatosha: ya kununua, na ya kunyoosha.

3. Angalia unavyolipia. Tangu Januari 2026, hapa Marekani ukituma hela nje kwa keshi au hawala ya karatasi unakatwa kodi ya asilimia 1. Ukilipa kutoka akaunti ya benki ya hapa, au kwa kadi ya benki ya hapa, kodi hiyo haikuhusu. Kwa dola 1,100 umeokoa dola 11, zaidi ya bei ya ule ulimi.

4. Mashine iliyotumika ipimwe kabla ya kulipiwa, tena ikiwa na mzigo. Mwombe aliye nyumbani akuonyeshe kwa video inavyofanya kazi, asikutumie picha tu. Ashike kila kinachozunguka na kukitikisa. Kikichezacheza, bei ishuke.

5. Tenga hela ya kusagika. Katika kila zulia linalouzwa, dada sasa anaweka dola 2 kwenye kopo. Bushi zitaisha tena, hilo si jambo la kujiuliza. Siku hiyo asilazimike kuomba Marekani.

6. Pima tena kila baada ya muda. Dada anafanya kile kipimo cha karatasi kila anapoanza zulia jipya. Ni dakika mbili. Mbao nayo inavimba msimu wa mvua na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo kilichokuwa sawa kiangazi si lazima kiwe sawa wakati wa mvua.

La mwisho halina namba. Wengi wetu huku tunatuma hela tukiwa tumechoka, baada ya shifti ya usiku, na barafu imefunika gari. Mradi ukikwama, akili inakimbilia kwa mtu: kaila, kazembea, katudanganya. Wakati mwingine ni kweli. Lakini muulize kwanza amepima nini, na kama hajui kupima, mpigie video mpime pamoja.

Mwenzetu wa Columbus alitaka kutoka kwenye chama. Hakutoka. Yule aliyeuliza habari ya chenji alimpigia dada mwenyewe, akamwomba radhi bila sisi kumwambia. Dada akamjibu kwamba hana kinyongo, ila akipata nafasi amtumie ile tepu ya chuma inayojirudisha yenyewe, maana ya kwake ni ya kushonea nguo, imevutika na namba zimefutika.

Imeshatumwa. Ndugu wa Bukavu aliilinganisha kwanza na ya kazini.