Maji ndani ya injini ya mbio: yanaongeza nguvu kweli?

Ukiambiwa kuna watu wanapuliza maji ndani ya injini ili gari likimbie zaidi, lazima ushangae. Kwani maji si ndiyo yanazima moto? Hebu tuone.

Kwenye mbio za dragi, zilizoshika kasi Marekani miaka ya 1950, magari mawili yanachomoka kwa mstari ulionyooka, mara nyingi robo maili, yaani kama mita 400. Ili kupata nguvu, fundi anafunga tabochaja au supachaja, vifaa vya kusukumia hewa nyingi kwenye silinda. Shida ni kwamba hewa ikigandamizwa inapata joto. Kama umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono, unajua jinsi pampu inavyopata moto.

Joto likizidi, injini inagonga. Plagi inawasha mchanganyiko, moto unaanza kusambaa, lakini ule uliobaki pembeni unajilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia. Hali hiyo ikiendelea, pistoni inaweza kutoboka.

Hapo ndipo maji yanaingia. Kilo 1 ya maji ikigeuka mvuke inafyonza joto la kilojuli 2,260 hivi. Methanoli inafyonza kama 1,100, na petroli kama 350 tu. Ni kanuni ileile ya mtungi wa udongo: maji yanayokauka yanaondoka na joto. Kwa hiyo maji hayaongezi nguvu yenyewe. Yanakupa nafasi ya kusukuma hewa zaidi, au kuwahisha cheche ya plagi, bila injini kugonga. Ukinyunyiza maji bila kubadilisha kitu kingine, huenda nguvu ikapungua, maana mvuke unachukua nafasi ya hewa.

Sasa, kwa nini kabureta ni kesi ya peke yake? Kwanza, haina kompyuta ya kurekebisha chochote. Pampu ya maji inawashwa na swichi ya presha, na kiasi kinaamuliwa na tundu la nozeli. Pili, matone mazito hayakati kona kama hewa, kwa hiyo silinda moja inalowa na nyingine inakosa. Ndiyo maana nozeli inapaswa kutoa ukungu mwembamba, na fundi anachomoa plagi zote kuzilinganisha. Tatu, injini inaweza kuyavuta maji yenyewe hata pampu ikiwa imezimwa, hivyo vali ya kuyafunga ni lazima. Maji hayagandamiziki, silinda ikijaa, kitakachopinda ni chuma.

Wengi huchanganya maji na methanoli nusu kwa nusu. Methanoli nayo ni mafuta, inaungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Kishawishi kinakuja hapo: fundi anapunguza jeti za kabureta ili petroli ipungue. Halafu katikati ya mbio tangi la methanoli linakauka. Ghafla mafuta hayatoshi, joto linapanda, cheche bado imewahishwa. Pistoni inakwenda.

Oldsmobile waliliona hili mapema. Gari lao la Jetfire la 1962, la barabarani na si la mbio, lilikuwa na kabureta, tabochaja na chupa ya maji na methanoli. Chupa ikiisha, vali ilipunguza msukumo wa hewa ili injini isife. Madereva wengi walisahau kuijaza, wakabaki kulalamika gari halina nguvu. Afadhali lalamiko kuliko injini mpya.

Kwa hiyo ukiwa unafunga mfumo huu, acha kabureta ijitosheleze kwa petroli peke yake, na weka kifaa cha kupunguza msukumo wa hewa au kuchelewesha cheche pale tangi linapokauka. Na methanoli ishike kwa heshima: ni sumu hata ikipita kwenye ngozi, na mwali wake mchana hauonekani kirahisi.